Ukisimama Irente, Magoma Iko Mgongoni Mwako

Mkazi wa Dar es Salaam akitamka tu kwamba anakwenda Lushoto kupumzika, majirani zake huwa wamekwisha kuijua safari yake kabla hajaianza. Atafika Mombo, ataanza kupanda ile barabara ya kona nyingi yenye urefu wa kilomita zipatazo 33, atasimama Soni kutazama maporomoko ya maji, atalala mjini Lushoto akiwa amejifunika mablanketi mawili, na asubuhi yake atakwenda Irente. Huko atasimama juu ya jabali na kuiona nyika ya Mazinde na Mombo imetandazwa chini yake, na mabasi ya barabara kuu yakitambaa kama sisimizi. Atapigwa picha, atanunua mapeasi, viazi na karoti, kisha atarudi nyumbani akiwa ameridhika kwamba Usambara ameuona.

Hapana ubaya wowote katika safari hiyo. Mfanyakazi aliyekaa mwaka mzima kiwandani au ofisini anastahili hewa baridi, na watoto waliozaliwa mjini hawana budi kujua kwamba nchi yao ina mahali ambapo pumzi ya mtu huonekana asubuhi kama moshi. Walakini jabali la Irente hutazama magharibi. Anayesimama pale akiifurahia nyika huwa ameupa mgongo upande mwingine wote wa mlima. Na huko mgongoni mwake, chini kabisa upande wa mashariki, katika bonde la mto Lwengera wilayani Korogwe, iko Magoma.

Magoma haimo katika orodha ya mahali wanapopelekwa wageni. Hakuna jabali la kupigia picha. Kuna mashamba ya mkonge, kuna vijiji, kuna soko, kuna vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Hata hivyo, mtu asiyelijua bonde lile hajaujua mlima, kwa maana mlima na bonde vimelishana na kugombana tangu zamani, na historia ya kazi ya mikono katika mkoa wa Tanga imeandikwa zaidi kule chini kuliko huku juu.

Jambo hili si la Usambara peke yake. Mgeni anayefika Mumbai, ule mji mkubwa wa India ambao Watanzania wengi wameujua kwa sababu ya kwenda kutibiwa huko, hupelekwa kwanza kwenye lango kubwa la mawe lililo kando ya bahari, ambalo lilikamilishwa mwaka 1924. Lango ni zuri kweli. Lakini Mumbai ilikua kwa viwanda vya nguo za pamba, na kwa jasho la maelfu ya wafanyakazi waliotoka vijijini wakaishi kwa msongamano katika majengo ya chumba kimoja kwa familia nzima. Mwaka 1982 wafanyakazi hao waligoma kwa muda mrefu, na viwanda vingi havikufufuka tena. Mgeni aliyeliona lango bila kupita katika mitaa ya wafumaji ameuona uso wa mji, lakini mikono iliyoujenga hakuiona. Vivyo hivyo kwa Usambara: uso wake ni Irente, na mikono yake iko Magoma.

Shambaai na nyika

Wasambaa wana maneno mawili ya kuigawa nchi yao. Shambaai ni huko juu, penye mvua, baridi na migomba. Nyika ni huko chini, penye jua, miiba na homa. Mtu wa mjini akisikia hivyo huweza kudhani kwamba watu wa juu waliidharau nyika na kukaa mbali nayo. Sivyo ilivyokuwa. Vijiji vingi vya zamani vilijengwa juu lakini karibu na ukingo wa mlima, ili mkulima awe na migomba yake nyumbani na shamba jingine katika joto la chini. Mvua ikikosekana upande mmoja, upande wa pili uliokoa maisha ya watoto. Hiyo ndiyo iliyokuwa bima ya mkulima, zamani sana kabla ya neno bima kufika katika ofisi zetu.

Hata masimulizi ya dola ya Wakilindi, iliyotawala milima hii, yamesimama juu ya jambo hilo. Mbegha, ambaye yasemekana alikuwa mwindaji kutoka Nguu, alifika mlimani na mbwa wake na mikuki yake akiwa amekimbia kwao. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vyao vya shambani. Nyama ya porini ikabadilishwa kwa chakula cha mlimani, na urafiki ukaanzia hapo. Na baada ya kumwua simba, watu wa Vuga wakamkabidhi utawala. Habari hizo na nyingine nyingi ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi katika kitabu chake "Habari za Wakilindi", ambacho ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya historia vilivyoandikwa kwa Kiswahili katika nchi yetu. Vuga yenyewe haiko mbali na Soni, lakini aghalabu wageni wanaoyatazama maporomoko huipita bila kuuliza.

Katika karne ya 19 dola hiyo ilifikia upeo wake chini ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye sauti yake ilisikika hata katika miji ya pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimwendea mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Kimweri alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, wana na wajukuu wake wakaanza kupigana. Mwanawe Semboja hakukaa Vuga: aliweka makao yake Mazinde, chini nyikani, penye njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana. Hivyo nguvu ikahama kutoka mlimani ikashukia nyikani, na katika vita vile watu wengi walikamatwa wakauzwa utumwani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ile nyika ya Mazinde ambayo mgeni wa Irente huitazama kwa furaha si mandhari tu. Palikuwa mahali pa biashara ya watu.

Bonde lenye kuta mbili

Kwenda Magoma mtu haanzi Mombo. Huanza Korogwe, mji ambao wasafiri wengi wa Moshi na Arusha wanaujua kwa kupitia dirisha la basi. Barabara ya Magoma huacha njia kuu, ikashika kaskazini-mashariki na kuingia katika bonde la Lwengera. Hupita Kwashemshi, Magoma na Mashewa, kisha huendelea mpaka Bombo Mtoni.

Anayesafiri humo huwa katikati ya kuta mbili. Kushoto kwake imesimama Usambara ya Magharibi, yenye Bumbuli, Soni na Lushoto. Kulia kwake imesimama Usambara ya Mashariki, yenye Amani na misitu yake mizito. Ukuta wa mashariki ndio unaozipokea kwanza pepo za bahari na mvua zake, na kinachobaki kwa bonde ni kidogo. Ndiyo sababu asubuhi moja mtu aweza kuona mawingu yamelala juu ya vilele vya pande zote mbili, huku yeye bondeni akipangusa jasho.

Ukuta ule wa mashariki una somo lake. Wajerumani walipouona msitu wake walidhani kwamba ardhi inayozaa miti mikubwa namna ile haiwezi kukosa rutuba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 walifyeka na kupanda kahawa huko Derema na kwingineko. Baada ya muda mfupi kahawa ikadhoofika, kwa kuwa rutuba ilikuwa katika miti yenyewe na katika majani yaliyooza chini yake. Udongo uliofunuliwa na kupigwa na mvua ulikuwa maskini. Mwaka 1902 ilianzishwa huko Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, ambayo katika Vita Kuu ya Kwanza ilitengeneza kwinini kwa ajili ya askari wa Kijerumani waliokuwa wamezingirwa. Hivi leo msitu wa Amani umehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1997, na wataalamu wa dunia nzima huujia kwa sababu ya mimea na viumbe wasiopatikana mahali pengine.

Mche uliotoka ng'ambo

Kahawa iliposhindwa mlimani, ukubwa ulishuka bondeni na kukabidhiwa mmea mwingine. Kitu cha kwanza anachokiona mgeni akikaribia Magoma ni mistari: mkonge umepandwa kwa safu zilizonyooka, safu baada ya safu, mpaka mguuni pa mlima. Mmea huu si wa kwetu. Asili yake ni Mexico, katika rasi ya Yucatan, na jina lake la kigeni, sisal, limetokana na bandari moja ya huko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yakatokea mashamba yaliyoufunika mkoa mzima.

Reli nayo ilikuja kwa ajili ya mashamba. Ujenzi ulianza Tanga mwaka huo huo wa 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Reli haikupanda mlimani. Ilipita chini, pale penye mali ya kubebwa.

Swali lililobaki lilikuwa la watu wa kufanya kazi. Wasambaa waliokuwa na migomba yao juu hawakuona sababu ya kushuka katika homa na jua kukata mkonge kwa ujira mdogo. Basi watu wakatafutwa mbali: Unyamwezi, Kigoma, Njombe, Urundi, hata ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ikawaleta kwa malori na kwa treni. Kila mtu alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba. Wazazi waliokuwa na Mussa au Yohana waliagana na mwana mwenye jina. Shamba lilimpokea mwenye namba.

Kazi yao ilihesabiwa kwa kadi ya kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku isiyokamilishwa haikuhesabiwa, na mshahara ulingoja mpaka nafasi zote zijae. Mkataji aliamka kabla ya mapambazuko ili alikimbie jua. Alikata majani ya chini ya mmea, akaiondoa miiba ya ncha, akayafunga mafungu na kuyapanga. Majani yakapelekwa kwenye mashine ya kuyakamua, ambayo mpaka leo watu wa mashamba huiita korona. Singa zikatoka mbichi, zikaoshwa, zikaanikwa kwenye nyaya uwanjani zikawa nyeupe, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu haizidi sana kilo nne; zilizobaki ni maji na makapi. Msomaji anayeona kamba dukani na kusema kwamba ni ghali, na azikumbuke kilo hizo 96.

Katani hiyo huenda mbali kuliko watu wengi wanavyodhani. Hununuliwa sana China, ambako hufumwa mazulia na vitambaa vya kung'arishia chuma. Na zile kamba za chuma zinazoning'iniza lifti katika majumba marefu, kwa desturi ya mafundi, hutiwa ndani yake moyo wa katani, ili ushike mafuta na kuilainisha chuma isijikate. Kwa hiyo mtu anayepanda ghorofa ya ishirini katika mji mkubwa wa Asia huenda amening'inia, bila ya kujua, juu ya jasho la mkataji wa bonde kama hili. Mji ule mkubwa na kijiji kile kidogo vimefungwa kwa kamba moja.

"Kwenu ni wapi?"

Mkonge wa Tanganyika ulipofikia kilele chake mwaka 1964, nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 na kuwa ya kwanza duniani. Baadaye nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa na kuwekwa chini ya shirika la umma. Nia ilikuwa kwamba jasho la mfanyakazi limnufaishe mfanyakazi na Taifa lake. Lakini bei haikurudi, mitambo ilizeeka, na mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mashamba ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa, uzalishaji ulikuwa umeshuka mpaka kama sehemu ya kumi ya ule wa mwaka 1964.

Takwimu hizo ni rahisi kuziandika. Ndani yake wamo watu. Mashine iliponyamaza katika shamba, mfanyakazi wa kambi hakuwa na pa kurudi. Wa mlimani aliweza kupanda kwa ndugu zake. Mwana wa manamba alizaliwa kambini, mama yake alizikwa kambini, na lugha ya babu yake hakuijua. Ardhi aliyoikanyaga ilikuwa ya shamba, na nyumba aliyolala ilikuwa ya shamba.

Ndiyo sababu katika vijiji vya bonde hili swali la kawaida kabisa, "Kwenu ni wapi?", huhitaji majibu mawili. La kwanza ni la babu: Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. La pili ni la mjibuji mwenyewe: hapa hapa. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha watu hawa. Kabla ya redio na kabla ya shule kusambaa, Mnyamwezi, Mmakonde na Mrundi waliokuwa wakikata safu moja walihitaji lugha ya kuulizana maji na ya kulalamikia mshahara, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Msemaji wa Kiswahili wa mjini ajivuniaye umoja wetu angefaa kujua kwamba sehemu ya umoja huo ilifumwa katika kambi za mkonge, na watu ambao hawakuuliza kabila kabla ya kugawana kiporo.

Mabadiliko ya siku za baadaye yamejaribu kuligusa jeraha hilo la ardhi. Katika mashamba ya Korogwe, Magoma likiwamo, wakulima wadogo walipewa maeneo ya kulima mkonge wenyewe, wakajiunga katika vyama vya ushirika, na majani yao yakaenda kwenye korona. Mpango huu umekuwa na magomvi yake, hasa juu ya mahesabu: nani anapima majani, nani anakata makato, na fedha hulipwa lini. Magomvi hayo yasitushangaze. Babu aligombana na nyapara juu ya kadi ya kipande; mjukuu anagombana juu ya hesabu za chama chake. Tofauti ni kwamba mjukuu ni mwanachama, ana haki ya kusimama mkutanoni na kudai daftari lifunguliwe.

Homa ya bondeni

Watu wa mlimani waliiogopa nyika kwa sababu ya homa, na hawakukosea. Mbu wanaoeneza malaria hustawi katika joto la chini, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo wanavyopungua. Katika nyakati za ukoloni wakubwa wa serikali walikimbilia Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, ili waikwepe homa hiyo pamoja na joto. Mfanyakazi wa bondeni hakuwa na pa kukimbilia.

Lakini wilaya iliyoteswa na homa ndiyo iliyosaidia kuitafutia kinga. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 vya majaribio hayo. Mwezi Oktoba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika. Kina mama wa Korogwe waliowapeleka watoto wao kliniki kwa ajili ya majaribio hayo hawakujengewa sanamu mahali popote. Wametoa mchango mkubwa kwa watoto wa dunia.

Maji yanashuka na madeni yake

Limebaki jambo moja linaloufunga mlima na bonde, nalo ni maji. Mto Lwengera huyakusanya maji ya miteremko ya pande zote mbili na kuyamwaga katika mto Pangani karibu na Korogwe. Pangani nao huendelea mpaka mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, na ile ya maporomoko ya Pangani iliyojengwa upya katika miaka ya 1990. Kwa hiyo anayekata mti juu ya mlima hugusa shamba la mahindi la Magoma, na baadaye hugusa taa ya mtu wa Tanga.

Serikali ya kikoloni iliuona ubovu wa udongo wa mlimani ukichukuliwa na mvua, lakini dawa yake ilikuwa ya amri. Mwaka 1946 ilianzisha huko Mlalo mradi wa kuwalazimisha wakulima kulima kwa matuta, na baadaye ukaenezwa Usambara nzima. Kazi ile ngumu iliwaangukia zaidi wanawake, mavuno hayakuonekana kuongezeka, na wasiotii walitozwa faini. Watu wakakataa, na katika kukataa huko wakakisikia chama cha TANU kikisema lugha yao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ukaachwa. Tangu mwaka 1981 ulikuja mpango mwingine, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, wa kupanda miti na majani ya mifugo katika safu zinazokata mteremko, kwa kushauriana na mkulima. Pale ambapo mkulima aliona ng'ombe wake ananufaika na majani hayo, safu zimebaki. Ardhi hulindwa na mtu anayekula kutokana nayo.

Kwa anayetaka kwenda

Familia inayotaka kuiona Usambara nzima na ianze chini. Mteremke Korogwe, mlale hapo usiku mmoja, kisha asubuhi mpande gari la Magoma. Miezi ya Juni mpaka Septemba ni mizuri zaidi. Wakati wa masika barabara za bondeni na za mlimani huweza kuwa mbaya. Chukueni vyandarua na maji ya kunywa. Mkifika kijijini piteni kwanza katika ofisi ya serikali ya kijiji mkajitambulishe, kama ilivyo ada. Korona na uwanja wa kuanikia singa ni mahali pa kazi, si pa maonyesho: ombeni ruhusa kwa wenye shamba kabla ya kuingia, na msimpige picha mtu kabla ya kumwuliza. Wazee wa bondeni wasalimuni kwa shikamoo na kuketi. Haraka ya mjini iachwe stendi. Mgosi wa Tanga hapendi kuulizwa habari na mtu aliyesimama mlango wazi, gari likinguruma.

Waonyesheni watoto mmea wa mkonge uliotoa mlingoti wake. Mkonge huishi miaka mingi ukikatwa majani, halafu mara moja tu hupandisha mlingoti mrefu wa maua, na baada ya hapo hufa. Juu ya mlingoti huo huota miche midogo mamia kwa mamia, ambayo hukusanywa na kupandwa upya. Hakuna mwalimu wa sayansi atakayelieleza somo hilo darasani vizuri kuliko shamba lenyewe.

Baada ya hapo pandeni mlimani kama wengine wanavyopanda. Soni ipo, Lushoto ipo, baridi ipo, na mapeasi yapo. Mtayala kwa raha zaidi mkiwa mmekwisha kumwona mtu ambaye baba yake alikuja na namba kifuani na leo ana jina, ana kura katika chama chake cha ushirika, na ana jibu la kumpa mjukuu anayeuliza kwao ni wapi.